Mabati ya Misheni na Aibu ya Jirani

Mwezi wa Julai mwaka 2023 tulikwenda watu watatu kumzuia mjane asijengewe nyumba. Nalisema hili waziwazi tangu mwanzo, ili msomaji asije akadhani kwamba naandika kama mtazamaji aliyesimama kando. Mmoja wetu alikuwa imamu, wa pili mwenye duka, na wa tatu ni mimi.

Kijiji chenyewe kiko nyuma ya Rabai, huko ambako minazi huanza kupungua na mihogo kuzidi. Mama huyo ni Mwislamu, na baba yake alikuwa Mwislamu. Alikuwa akilea wajukuu wanne katika nyumba ya fito na udongo, ambayo ukuta wake wa magharibi ulikuwa umeegemezwa boriti mbili usianguke, na makuti yake yamekwisha kuwa meusi kwa kuoza. Misheni moja ilikuwa imepita kijijini ikiandika majina ya mafukara. Jina lake liliandikwa. Aliahidiwa vyumba viwili vya matofali, paa la mabati na choo cha shimo.

Habari ilipofika msikitini, ilifika ikiwa imevaa nguo nyingine. Ilisemwa kwamba mjane amenunuliwa. Ilisemwa kwamba wajukuu wamekwisha kupewa majina mapya. Basi tukaondoka, tukapiga hodi, tukakaribishwa juu ya mkeka uliotoboka, na imamu wetu akaanza kwa upole kumweleza hatari ya jambo lile.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wanangu, mmekuja na fito au mmekuja na maneno?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia kwamba jamaa wa msikiti watalishughulikia jambo lake. Akaukataa msaada wa misheni kwa heshima yetu, na nyumba ile akajengewa jirani yake, ambaye ni Mkristo. Mvua za El Niño zilipokuja mwishoni mwa mwaka huo, ukuta wa magharibi ulianguka usiku. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakufa mtu. Mama akachukua wajukuu wake, akaenda kujibanza kwa ndugu yake, chumba kimoja watu tisa. Jamaa wa msikiti walikuwa hawajakutana hata mara moja juu ya habari yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: sisi tulikwenda kulinda nini?

LAWAMA NA UKWELI WAKE

Lawama zetu juu ya misheni ni za siku nyingi na kila mmoja wetu anazijua. Twasema kwamba mmisionari hutumia njaa ya mtu kama chambo. Twasema unga wa leo ni ubatizo wa kesho. Twasema wafadhili wa ng'ambo hawampendi maskini wa Ganze au wa Kaloleni kwa kuwa ni maskini. Wampenda kwa kuwa wataka kumhesabu katika vitabu vyao.

Sitaki kusema kwamba lawama hizi ni uzushi mtupu. Mimi mwenyewe nimesimama kando ya uwanja mmoja wakati wa kiangazi, nikaona wanawake wameketi juani wakisikiliza mahubiri saa nzima kabla ya gunia la kwanza la mahindi kufunguliwa. Hakuna aliyewafunga kamba. Lakini mwenye mtoto anayelia kwa njaa hana miguu ya kuondokea. Mahubiri ya namna hiyo ni kumtega mtu, hata kama mhubiri mwenyewe haoni hivyo. Wapo pia Wakristo wengi wanaolichukia jambo hili kama tunavyolichukia sisi, na nitarudi kwa hao.

Ila mjane wetu hakuwekwa juani. Nilimwuliza mwenyewe, baada ya nyumba kuanguka, walimtaka nini wale watu. Alinijibu hivi: "Waliniuliza jina langu, wakahesabu watoto, wakapima kiwanja. Nikawaambia mimi ni Mwislamu. Wakasema, haidhuru, mvua hainyeshei dini." Hayo ndiyo tuliyokwenda kuyazuia.

RABAI NA KISAUNI

Mahali ambapo mambo haya yametokea si mahali pa kawaida. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kiingereza la CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Mkewe na mtoto wake mchanga walikufa kwa homa mwaka huohuo, na kaburi la bibi huyo liko mpaka leo upande wa bara ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Rebmann walihamia Rabai. Kizazi cha sasa aghalabu hakijui kwamba watu wa Mombasa walimpokea mgeni huyu kwa adabu, na kwamba aliyemsaidia katika tafsiri zake za mwanzo za Biblia kwa Kiswahili alikuwa kadhi, mwanachuoni wa Kiislamu. Kadhi yule hakuogopa kwamba imani yake itayeyuka kwa kukaa meza moja na padri.

Lakini kwa miaka mingi kazi ya Rabai haikuzaa waumini wengi. Kilichowaleta watu kwa wingi kilikuwa dhiki. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja, akisukumwa na Waingereza waliomtuma Sir Bartle Frere, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi, waliookolewa walihitaji pa kuwekwa. Ndipo mwaka 1875 CMS ikanunua ardhi upande wa Kisauni, ikajenga kijiji kilichopewa jina la Frere, yaani Freretown. Watu waligawiwa viwanja, nyumba na mashamba madogo, wakafundishwa useremala na kusoma. Kengele yao ya kutoa ilani ya hatari ndiyo iliyopatia jina lake kituo cha Kengeleni, ambacho makanga wa matatu wanakitaja kila dakika bila ya kufikiri ni kengele gani.

Huko Rabai nako walikimbilia watoro. Hawa hawakuwa watu waliookolewa baharini; walikuwa watumwa wa mashamba ya hapahapa pwani, wengi wao mabwana zao wakiwa Waislamu. Ugomvi ulikuwa mkubwa mpaka ilipokuja kampuni ya Kiingereza ya IBEA, na mwanzoni mwa mwaka 1889 mkuu wake, George Mackenzie, akawalipa mabwana fidia na kuwapa hati za uhuru watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani yetu mpaka mwaka 1907.

Hapa pana jambo linaloniuma. Katika Suratu Tawba, aya ya 60, zimetajwa njia nane za kutumia zaka. Mojawapo ni kuwakomboa watumwa. Kila mwanachuo wa Mombasa aliijua aya hiyo. Na kweli wapo waungwana walioacha huru watumwa wao kwa ajili ya Mungu, tena si wachache. Lakini mtoro aliyekuwa akikimbia usiku na alama za fimbo mgongoni, alijua mlango wa kubisha, na mlango huo haukuwa wa msikiti. Tukimlaumu kwa kubatizwa, tuulize kwanza ni nani aliyemfukuza.

Wala tusiwafanye wamisionari malaika. Mapema katika miaka ya 1880 ulifanyika uchunguzi juu ya mambo ya Freretown, na msimamizi wake wa wakati huo akaondolewa, kwa kuwa alikuwa akiwapiga viboko vikali watu walewale aliokuja kuwalinda. Mtu aliyetoka kwa bwana mmoja alijikuta mbele ya bwana mwingine, ingawa huyu wa pili alishika msalaba. Nyumba ya msaada yaweza kuwa na paa zuri na bado ikawa na fimbo nyuma ya mlango.

MAHAJI NI NANI?

Kuna upande mwingine wa hadithi ambao sisi wenyewe tunausahau kwa kuwa hautuudhi. Wamijikenda waliosilimu zamani waliitwa mahaji. Walisilimu vipi? Wengine kwa kusoma, wengine kwa kuoa na kuolewa. Wengi walikuja mijini kwa biashara au kwa njaa. Ilipopiga njaa kubwa ya mwaka 1884, na tena ile iliyoanza 1898, watu wa bara ya pwani walishuka kutafuta chakula. Waliowapokea waliwapa mchele, wakawapa pembe ya kulala uani, wakawapa kazi shambani, na baadaye wakawapa kanzu na jina. Wengine waliangukia mikononi mwa waungwana wema, na wengine waliwekwa rehani au wakauzwa.

Basi twaweza kuuliza: yule Mgiriama aliyepewa chumba na Mswahili wa Takaungu, naye akasilimu, je, alinunuliwa? Sisi twasema hapana. Tabia njema ya mwenyeji ilimvuta. Na yule aliyepewa chumba na misheni akabatizwa, huyo twasema alinunuliwa. Mizani yetu ina jiwe moja la kununulia na jingine la kuuzia.

Waama, hata sharia yetu inalitambua jambo hili. Katika njia zile nane za zaka imo ya watu ambao nyoyo zao zatakiwa kulainishwa. Wanavyuoni wamejadili kama njia hiyo ingali ikitumika, lakini hakuna aliyesema kwamba haikuwapo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kuvuta moyo wa mtu kwa wema ni hila ya Wakristo peke yao. Ubaya huingia mtu anapowekewa sharti: ingia dini yangu ndipo ule. Hilo dini yetu imelikataa, kwa kuwa hakuna kulazimishana katika dini.

NYUMBA BILA RIBA

Nataka sasa kumpeleka msomaji mbali kidogo, katika kisa ambacho kila Mwislamu anayejali habari ya riba anapaswa kukijua.

Palikuwa na wakili wa Kimarekani, mzaliwa wa Alabama, jina lake Millard Fuller. Alikuwa tajiri mkubwa kabla ya kutimiza miaka 30. Ndoa yake ilipokaribia kuvunjika kwa sababu ya kukimbizana na mali, yeye na mkewe Linda waliamua kuigawa mali yao. Mwaka 1965 walifika katika shamba la Koinonia, jimboni Georgia, ambako mhubiri Clarence Jordan alikuwa akiishi na Wakristo weusi na weupe pamoja, jambo lililowafanya wapigwe risasi na kugomewa na majirani zao. Huko ndiko ilikozaliwa fikira ya kuwajengea maskini nyumba kwa mkopo usiokuwa na riba wala faida.

Mwaka 1973 Fuller na jamaa yake walikwenda Mbandaka, nchini Zaire ya siku zile, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakafyatua matofali ya saruji na kujenga. Uwanja waliojengea ulikuwa ule uliowatenga Wazungu na Waafrika enzi za Wabelgiji. Fuller alieleza kwamba wenyeji waliuita Bokotola, yaani mtu asiyewajali wengine. Aliporudi kwao mwaka 1976, alianzisha shirika la Habitat for Humanity mjini Americus. Kenya liliingia mwaka 1982. Rais wa zamani Jimmy Carter alianza kushika nyundo pamoja nao mwaka 1984, na aliendelea hata alipokuwa mkongwe wa miaka zaidi ya 90.

Kanuni zao za awali zilikuwa nyepesi. Familia haipewi nyumba bure. Hutoa jasho lake kwa kuchimba msingi, kubeba maji na kufyatua matofali, na husaidia kujenga nyumba ya mwenzake. Kisha hulipa gharama kidogo kidogo kwa miaka mingi, bila riba, na fedha inayorudi hujenga nyumba nyingine. Fuller aliichukua kanuni ya kutotoza riba katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, iliyo katika Taurati. Katika baadhi ya nchi za Afrika, pesa zilipokuwa zikishuka thamani, malipo yalikadiriwa kwa bei ya mfuko wa saruji. Hapo wanafikihi watakuwa na la kusema, na waseme. Lakini nia yenyewe ni dhahiri.

Nilipokisoma kisa hiki kwa mara ya kwanza niliinamisha kichwa. Riba ni yetu kuikataza. Tumeihubiri kila Ijumaa. Ndipo anatokea Mkristo wa Marekani, anaifanya kuwa msingi wa kumpa maskini paa! Benki mbili za kwanza za Kenya zinazofuata sharia zilifungua milango mwaka 2008, na ni jambo la kushukuru. Lakini mkulima wa mihogo asiyekuwa na hati ya ardhi wala karatasi ya mshahara hana la kuingilia humo, kama asivyokuwa nalo la kuingilia benki nyingine yoyote.

UNGA NA MAHUBIRI

Nilisema nitarudi kwa Wakristo wanaochukia mahubiri ya njaa. Mwaka 1994 Chama cha Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, pamoja na mashirika makubwa ya misaada, walitunga kanuni za mwenendo wakati wa maafa. Miongoni mwa waliozisimamia tangu mwanzo walikuwamo Caritas ya Wakatoliki, Shirikisho la Walutheri na Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kanuni hizo zasema kwamba msaada hutolewa kwa kadiri ya haja, bila kutazama rangi, dini wala taifa la mpewaji, na kwamba msaada hautatumika kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Mashirika mengi ya Kikristo yametia sahihi, na ya Kiislamu pia, kama vile Islamic Relief.

Basi msomaji asiyachanganye mambo mawili. Kuna shirika la Kikristo la msaada ambalo limejifunga kwa kanuni hizi, na kuna misheni ya mtu mmoja aliyekuja na kontena la nguo na kamera ya kupigia picha za ubatizo. Wote huitwa "wamisheni" katika mabaraza yetu. Tukiwaweka katika kapu moja, tunamdhulumu wa kwanza na kumficha wa pili.

Na kwa huyu wa pili hatuna haja ya mawe wala matusi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na inakataza mtu kunyimwa haki au huduma kwa sababu ya imani yake, wala kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Kifungu cha 43 kinataja makazi ya kufaa kuwa haki. Mzee wa kijiji, chifu, imamu na padri wakikaa pamoja kabla ya ugawaji na kukubaliana kwamba hakuna hotuba mbele ya gunia, jambo hilo laweza kwisha kwa kikombe cha kahawa.

ZAKA YETU IKO WAPI?

Nafika sasa penye donda. Zaka ni sehemu moja katika arobaini ya mali iliyofikia nisabu na kukaa mwaka. Mafukara na masikini ndio wa kwanza kutajwa katika watu nane, na wanavyuoni wetu wamehesabu makazi kuwa miongoni mwa haja za lazima za mwanadamu, pamoja na chakula na mavazi. Mombasa, Malindi na Lamu hazikosi wenye mali. Je, zaka hiyo inakwenda wapi?

Kwa kadiri ninavyoona kwa macho yangu, nyingi hutolewa mkono kwa mkono katika Ramadhani. Mafukara hupanga foleni nje ya duka la tajiri, kila mmoja akapata noti moja au mbili, mfuko wa mchele na tende. Thawabu yake iko kwa Mola na siwezi kuidharau. Lakini noti ile haimalizi wiki. Mtu aliyepanga foleni mwaka huu atapanga tena mwakani, na mwanawe baada yake. Zaka yenyewe yatakiwa imtoe mtu foleni.

Kadhalika wakfu. Babu zetu walifunga wakfu nyumba, mashamba na visima, na mpaka leo tunayo Tume ya Wakfu hapa Mombasa chini ya sheria iliyowekwa mwaka 1951. Wakfu hauliwi na mchwa ukitunzwa vizuri. Kodi ya duka moja mjini yaweza kujenga nyumba ya mjane mmoja shambani kila mwaka, milele. Ila sisi siku hizi tukisikia neno wakfu, fikira zetu zaenda kwenye msikiti tu. Nami nimehesabu, katika njia moja isiyozidi mwendo wa robo saa kwa miguu, misikiti mitatu yenye marumaru, na baina yake vibanda vya makuti vinavyovuja. Marumaru si haramu. Lakini Suratul Maun inamtaja mwenye kusali kwa kujionyesha huku akizuia msaada, na haikumsifu.

Haki inadai niseme pia kwamba si uvivu wetu peke yake. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa Nairobi mwezi wa Agosti 1998, serikali ilifuta usajili wa mashirika kadhaa ya Kiislamu ya misaada. Hofu iliingia. Mtu aliyekuwa akipeleka fedha kwa mayatima alianza kuogopa kuulizwa maswali. Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na wengine, na hao wengine hawakuwa na kosa kwa kuijaza.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyatazama mambo kama haya katika gazeti lake la Al-Islah la mwaka 1932. Aliwaonya Waislamu juu ya shule za misheni, lakini hakuishia hapo. Aliwakemea Waislamu wenyewe kwa usingizi wao. Sisi tumeirithi nusu ya kwanza ya somo lake, tukaiacha ya pili.

NYUMBA HUSIMAMA JUU YA NINI?

Yako jambo moja ambalo misheni na msikiti wote wawili wanalikwepa, nalo ni ardhi. Katika ukanda wa maili kumi, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwapa hati walioweza kuthibitisha madai yao mbele ya afisa wa serikali. Wamijikenda wengi hawakuweza, na wajukuu wao wangali wakiitwa maskwota katika ardhi walikozaliwa. Ukimjengea mtu vyumba viwili vya matofali juu ya kiwanja cha mwingine, umempa mwenye hati zawadi. Siku akija na karatasi yake na trekta, mabati ya mfadhili na makuti ya fukara yote huanguka kishindo kimoja.

Misheni za zamani zililijua hili. Freretown iliwezekana kwa sababu ardhi ilinunuliwa kwanza. Anayetaka kusaidia leo, awe padri au shekhe, aanze kwa kuuliza: hati iko kwa nani? Na wakfu wetu ungekuwa na kazi kubwa hapa, kwa kuwa ardhi iliyofungwa wakfu kwa makazi ya mafukara haiuzwi wala hairithiwi. Hapo Mwislamu ana chombo ambacho Fuller hakuwa nacho.

WOSIA

Nimekwisha kusema mengi. Wapo watakaoniuliza: basi wataka Waislamu wapokee kila kitu cha misheni? La hasha. Nataka tuwe na haki ya kusema usipokee. Haki hiyo hununuliwa kwa fito, misumari na jasho, haipatikani kwa kupiga hodi na hotuba. Anayemwambia mwenye kiu asinywe kisima cha jirani, na awe amebeba mtungi.

Baada ya Ramadhani ya mwaka 2024 tulirudi kwa yule mama, watu walewale watatu. Safari hii mwenye duka alitoa mabati ishirini katika zaka yake, na imamu akasimama Ijumaa kuomba vijana. Siku ya kazi walikuja kumi na mmoja. Wanne kati yao walikuwa Wakristo, mmoja akiwa ni yule jirani aliyejengewa nyumba na misheni. Alikuja na toroli na koleo aliloachiwa na mafundi wao. Alichimba msingi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na sisi tulipokwenda kuswali, alibaki akichanganya udongo na saruji peke yake.

Nyumba ni ndogo, chumba kimoja na sebule, na choo bado hakijakwisha. Mama ametutengea mkeka mpya. Siku tuliyomkabidhi hakutushukuru kwa maneno mengi. Alitazama paa, akatazama wajukuu, kisha akamwuliza imamu kwa sauti ya chini kama yule mjane mwingine wa upande wa pili wa bonde, ambaye si Mwislamu, naye jina lake limekwisha kuandikwa.

Imamu alinyamaza kidogo. Kisha akatoa kalamu.